"Bienvenidos, extranjeros": kibao hiki kina kosa gani?

Swali: "Ninafanya kazi mapokezi katika hoteli ndogo Paje, Zanzibar. Msimu huu tumepata wageni wengi kutoka Hispania, na wachache kutoka Mexico na Argentina. Kihispania ninajifunza mwenyewe kwa simu, usiku nikimaliza zamu. Meneja aliniomba niandike kibao cha kuwakaribisha, nikaandika 'Bienvenidos, extranjeros', kwa sababu kamusi inasema mgeni ni 'extranjero'. Mama mmoja wa Kihispania alikisoma, akatabasamu, akaniambia taratibu: 'Mejor, huéspedes', yaani afadhali 'huéspedes', halafu akapanda chumbani. Mwenzangu naye anasema niandike 'gringos', eti ndiyo 'wazungu' kwa Kihispania. Je, nimewatukana watu? Hilo neno 'extranjero' mahali pake hasa ni wapi, kwa watu na kwa vitu? Nauliza pia kwa sababu mdogo wangu wa kike amepata nafasi ya kusoma Granada, Hispania, na fomu zake zimejaa neno hilo."

Jibu: Ndugu yangu, hujamtukana mtu. Lala usingizi. Lakini kibao kitoe leo hii, na nitakueleza kwa nini.

Jiweke upande wa pili. Umesafiri usiku kucha, umefika Madrid, umeburuta begi lako hadi mlango wa hoteli, na ukutani wamekuandikia kwa Kiswahili kizuri kabisa: "Karibuni, raia wa kigeni." Hakuna neno lenye kosa hapo. Wewe kweli ni raia wa kigeni Madrid, na umekaribishwa. Lakini moyoni utahisi umepokewa na afisa wa uhamiaji, siyo na mwenyeji. Hicho ndicho alichokisoma yule mama kwenye kibao chako. Alitabasamu kwa sababu alielewa nia yako, na akakusahihisha kwa upole kwa sababu aliipenda nia hiyo.

Chanzo cha kosa ni neno letu lenyewe, "mgeni", ambalo ni pana kuliko kamusi ya simu inavyoweza kubeba. Chukua methali mbili tulizokua nazo: "Mgeni njoo, mwenyeji apone" na "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Huyo anayepewa jembe anaweza kuwa shemeji yako kutoka Makunduchi. Hana pasipoti, hajavuka mpaka wowote, pengine amekuja kwa daladala. Lakini ni mgeni kwa sababu amepita mlango usio wake. Sasa ongeza mgeni rasmi kwenye mahafali, mfanyakazi mgeni aliyeanza kazi Jumatatu, mtu anayekuuliza njia akisema "mimi mgeni hapa", na jambo geni ambalo hujawahi kuliona. Katika hao wote, hakuna hata mmoja unayeweza kumwita "extranjero" kwa sababu hizo. Sisi mgeni tunampima kwa mlango. Mhispania "extranjero" anampima kwa mpaka wa nchi.

Neno lenyewe lilipitia Kifaransa cha zamani, "estrangier", na mzizi wake uko katika Kilatini, "extraneus", yaani wa nje. Leo maana yake imekaa mahali pamoja: mtu au kitu cha nchi nyingine. Kwa hiyo kila unapotaka kusema "mgeni" kwa Kihispania, jiulize kwanza: ni mgeni wa namna gani?

Aliyelala hotelini kwako ni "huésped". Uliyemwalika arusini ni "invitado", au "invitada" akiwa mwanamke. Waliokuja nyumbani kukujulia hali ni "visita", na mtu husema "tenemos visita", tuna wageni, hata kama waliokuja ni sita. Mfanyakazi mgeni ni "nuevo": "soy nuevo aquí". Mtu wa mji mwingine katika nchi ile ile, tuseme wa Sevilla aliyehamia kijiji cha Galicia, wanakijiji watamwita "forastero". Usiyemfahamu kabisa ni "desconocido", na huyo ndiye mama wa Kihispania anayemkanya mwanawe asipokee pipi kutoka kwake.

Hapo katikati kuna neno la kuogopa kidogo, "extraño". Linafanana na "extranjero" kwa sura, maana asili yao ni moja, na wanafunzi wengi wanalibadilisha wakidhani ni kifupi chake. "Un extraño" ni mtu asiyejulikana, lakini "un hombre extraño" ni mtu wa ajabu, mwenye mambo yasiyoeleweka. Ukiandika "huéspedes extraños" umesema wageni wenu ni watu wa ajabu. Hilo ndilo ambalo lingewaudhi kweli.

Tuje kwenye sarufi, na hapa Mswahili ana bahati kuliko anavyojua. Sisi tumezoea kupatanisha: kitu kizuri, vitu vizuri, nguo nzuri. Kihispania nacho kinadai upatanisho, ila wa jinsi na idadi: "extranjero" kwa mwanamume au kitu chenye jinsi ya kiume, "extranjera" kwa mwanamke au kitu chenye jinsi ya kike, halafu unaongeza "s" kwa wingi. Kisha neno hukaa nyuma ya jina kama kwetu. Lugha ya kigeni ni "lengua extranjera", filamu za kigeni ni "películas extranjeras", kampuni ya kigeni ni "empresa extranjera". Mpangilio wako wa Kiswahili utakufikisha.

Hata kwenye "ni" una bahati. Wanafunzi waliozoea Kiingereza hukimbilia kusema "soy un extranjero". Kihispania cha kawaida husema "soy extranjero", kama wewe unavyosema "mimi ni Mzanzibari" bila kuongeza "mmoja". Kale ka-"un" hurudi ukimpamba mtu kwa sifa: "es un extranjero muy amable", ni mgeni wa nje mpole sana. Na ukikutana na "persona extranjera" kwenye waraka wa serikali, usishangae kwamba inamhusu pia mwanamume mwenye ndevu. "Persona" ni jina la kike siku zote, na sifa inalifuata jina, haimfuati mtu.

Matamshi: eks-tran-KHE-ro. Hiyo "j" itoe kama "kh" ya "khofu", na mkazo uuweke silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale ulimi wako ulipozoea. Wageni wako wa Mexico utawasikia wanaitoa laini zaidi, karibu na "h". Zote ni sahihi. Lakini "huéspedes" angalia vizuri: "h" haitamkwi, inasikika kama "wéspedes", na mkazo uko mwanzoni. Ile alama juu ya "e" ndiyo inayokuambia hivyo. Ukiiacha kwenye kibao, umeandika vibaya.

Sasa matumizi ambayo ningependa uyashike kuliko yote, kwa sababu utayahitaji kila siku mezani pako. "El extranjero", pamoja na hiyo "el", haimaanishi mtu tu. Inamaanisha pia nchi za nje, ughaibuni. "Mi hermana va a estudiar en el extranjero": dada yangu atasoma nje ya nchi. "Llamadas al extranjero": simu za kwenda nje. Daima kwa umoja, daima na "el" (hiyo "al" ni "a" na "el" zikiungana). Ukisema "en extranjero" umeacha kitu, na ukisema "en los extranjeros" utaeleweka kana kwamba unazungumzia ndani ya miili ya watu. Tazama pia jinsi neno dogo linavyogeuza mambo: "vivo en el extranjero" ni naishi nje ya nchi, "vivo con el extranjero" ni naishi na yule jamaa wa kigeni.

Kwa vitu, usilitupe neno hili kila mahali ambapo sisi tungesema "kigeni" au "nje". Bia ya nje kwenye orodha ya vinywaji ni "cerveza importada" au "de importación", kwa sababu mnywaji anataka kujua imeletwa, hana habari na uraia wake. Fedha za kigeni unaweza kuziita "moneda extranjera" na utakuwa sahihi, lakini penye duka la kubadilishia fedha utaona "divisas", na Amerika ya Kilatini duka lenyewe ni "casa de cambio". Wizara ya mambo ya nje ya Hispania hutumia "Asuntos Exteriores", ile ya Mexico "Relaciones Exteriores". Deni la nje ni "deuda externa". Mfuatano huu hauna kanuni moja ya kukariri; unaushika kwa kusoma na kusikia, kama mtoto wa Tanzania anavyojua kwamba wizara yetu ni ya "mambo ya nje", si ya "mambo ya kigeni".

Na kwa kuwa uko mapokezi: hoteli na sehemu za utalii kwetu mara nyingi zina bei mbili. Ukizitafsiri, chunguza kwanza sheria ya bei hiyo inatazama nini. Kama inatazama makazi, andika "residentes" na "no residentes". Mhispania aliyeoa Mji Mkongwe na kuishi hapo kwa kibali ni "extranjero" lakini pia ni "residente", na akilipishwa bei ya watalii kwa sababu ya kibao kilichoandikwa vibaya atakuwa na haki ya kulalamika. Kama inatazama uraia, andika "nacionales" na "extranjeros". Hapo neno letu limekaa nyumbani kwake. Watu wa Amerika ya Kilatini wamelizoea: Machu Picchu, huko Peru, bei ya kiingilio kwa raia na kwa mtu wa nje si moja. Hakuna anayeona ametukanwa, kwa sababu jedwali la bei halikukaribishi, linakuhesabu tu.

Naona ndiyo siri yote ya neno hili. Kumtaja mtu kuwa "extranjero" anapokuwa hayuko mbele yako, au kwenye fomu, takwimu, sheria, ni sawa kabisa. Kumwita hivyo usoni, "¡Extranjero!", ni kumsogeza mbali nawe. Ukitaka kujua mtu ametoka wapi, muulize "¿De dónde son ustedes?" Wahispania wenyewe wakizungumza na watu waliozoeana nao husema "¿De dónde sois?", lakini wewe mfanyakazi wa hoteli ukibaki na "ustedes" hutakosea kwa yeyote, awe wa Madrid au Buenos Aires.

Sasa mwenzako na "gringos" yake. Mkatalie, kwa upole lakini mkatalie.

Kwanza, "gringo" si tafsiri ya "mzungu". Kwa Mexico ni mtu wa Marekani hasa. Ukimwita hivyo Mhispania atakushangaa, kwa kuwa yeye akisikia "gringo" anamfikiria Mmarekani. Peru au Bolivia wanaweza kumwita hivyo mtu yeyote mweupe mwenye nywele za rangi ya mchanga, hata aliyezaliwa mtaa wa pili. Argentina neno liliwaangukia wahamiaji wa Kiitaliano, na mpaka leo eneo la mashamba waliyoyalima huitwa "pampa gringa", bila chuki yoyote ndani yake. Neno moja, na katika kila nchi linamnyooshea kidole mtu tofauti. Mgeni wako wa Argentina anaweza kuwa na babu aliyeitwa "gringo" kwa upendo, na wa Mexico akawa amelisikia kwa hasira. Utajuaje, wewe uliye nyuma ya kaunta?

Pili, sauti ya msemaji ndiyo inayoamua kama ni utani, kawaida au dharau. Marafiki huitana hivyo. Mtu asiyekujua akikurushia barabarani, ni jambo jingine. Wewe unajua jambo hili vizuri, maana umeona "mzungu" inavyotamkwa: mtoto akipunga mkono kwa furaha ni moja, papasi akimkimbilia mtalii ufukweni ni nyingine.

Tatu, si kila mwenye Kihispania ni mweupe. Guinea ya Ikweta, hapa hapa Afrika, Kihispania ni lugha rasmi. Pwani ya Pasifiki ya Colombia imejaa watu weusi ambao Kihispania ndiyo lugha ya mama. Siku mmoja wao akiingia Paje na kukuta "gringos" mlangoni, atadhani amepotea njia.

Huenda pia mwenzako amesikia ile hadithi kwamba "gringo" ilizaliwa kwenye vita vya Mexico na Marekani vya 1846 hadi 1848, watu wa Mexico wakiwapigia kelele askari wenye sare za kijani waondoke: "green, go". Hadithi imeenea sana na si ya kweli. Askari wa miguu wa Marekani katika vita hivyo walivaa buluu. Na neno lilikuwa limeshaandikwa kabla: kamusi ya padri Esteban de Terreros, katika juzuu la 1787, inaeleza kwamba mji wa Málaga, Hispania, huwaita "gringos" watu wa nje ambao lafudhi yao inawazuia kusema Kihispania kwa wepesi, na kwamba Madrid jina hilo hupewa hasa watu wa Ireland. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba limetokana na "griego", Mgiriki, kwa kuwa Mhispania wa zamani asiyemwelewa mtu alisema anaongea Kigiriki. Kwa hiyo asili yake ni sikio: huyu haongei kama sisi. Nasi "mzungu", kwa maelezo ya wengi, tunaihusisha na kuzunguka: huyu hatulii mahali. Kila watu walimtaja mtu wa mbali kwa kitu kilichowashangaza kwanza.

Utasikia pia "guiri", tamka "giri". Hilo ni la Hispania yenyewe, kwa watalii wa kigeni, hasa wale wa Ulaya ya kaskazini wanaochomwa na jua siku ya kwanza. Lilianza vita vya karne ya 19 kugombea kiti cha ufalme, ambapo wafuasi wa malkia María Cristina, "cristinos", walitamkwa "guiristino" na Wabaski, watu wa kaskazini mwa Hispania wenye lugha yao. Mgeni wako akisema "aquí los guiris somos nosotros", anakuambia hapa watalii ni sisi. Ni maneno ya ukarimu. Yeye anaruhusiwa kuyasema; wewe mwache aseme.

Kuhusu mdogo wako, na hongera kwenu nyote. Granada atakuwa "extranjera" kisheria, na neno litamfuata kwenye kila karatasi. Namba atakayopewa ni NIE, kifupi cha "Número de Identidad de Extranjero": inaanza na X, Y au Z, kisha tarakimu saba na herufi moja. Masomo yakizidi miezi sita atatakiwa pia kuomba kitambulisho, TIE, ndani ya mwezi mmoja tangu aingie. Mambo haya huitwa "extranjería", na ofisi yake "Oficina de Extranjería". Asione unyonge kusimama kwenye foleni chini ya neno hilo. Hapo halisemi chochote juu ya thamani yake. Linasema tu yuko chini ya sheria ipi, na msingi wake ni sheria namba 4 ya 2000, ambayo jina lake rasmi linataja haki na uhuru wa watu wa kigeni nchini Hispania kabla ya jambo lingine lolote.

Penye "nacionalidad" aandike "tanzana", kwa herufi ndogo. Kihispania hakikuzi herufi ya uraia kama sisi. Hata kaka yake angeandika "tanzana" hapo hapo, maana sifa inafuata neno "nacionalidad", la kike. Lakini akijitambulisha darasani atasema "soy tanzana", na kaka yake "soy tanzano". Hilo ndilo jina ningependa alizoee kinywani. Akiulizwa yeye ni nani, ataje kwao, asijifunze kujiita "extranjera" tu, kwa sababu hakuna mtu duniani anayetoka "ugenini".

Vyeti vyake vitakavyohitaji tafsiri rasmi usivifanye wewe, wala mimi kwa maandishi haya. Hispania ina wafasiri walioapishwa, "traductores jurados", wanaotambuliwa na wizara yake ya mambo ya nje. Na taratibu za ukaazi hubadilika, basi aulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chake na ubalozi kabla hajalipa chochote. Vilevile kwenye hoteli: kibao cha makaribisho kikikosewa kidogo hakuna aliyekufa, lakini tangazo la maji kujaa na kupwa, la umeme au la dawa ya mbu, tafuta mtu anayekijua Kihispania barabara alisome kwa macho yake kabla halijabandikwa.

Kibao chenyewe kiweje? "Estimados huéspedes", wageni waheshimiwa, ni sahihi na lina heshima, ila lina ubaridi kidogo wa barua. Litumie kwenye karatasi za vyumbani, zile za saa za chai ya asubuhi na nywila ya intaneti. "Bienvenidos, huéspedes" linaeleweka, lakini watu hawaandiki sana hivyo mlangoni, kwa kuwa anayeingia anajua mwenyewe kwamba ni mgeni. Mimi ningeacha "Bienvenidos" peke yake, au "Bienvenidos a Paje", na chini yake kwa herufi ndogo "Están en su casa", mko nyumbani kwenu. Likija kundi la wanawake peke yao, kwa mdomo waambie "bienvenidas". Na juu ya yote, kwa herufi kubwa kuliko zote, andika "KARIBUNI". Wamepanda ndege kuja kulisikia.

Kama yule mama bado hajaondoka, liandike kwanza kwenye karatasi kabla fundi hajagusa rangi, umpelekee, umuulize: "¿Así está bien?", hivi ni sawa?